Jiwe, tofali la kuchoma au tofali la udongo na simiti: ujenge na lipi kati ya Nakuru na Busia?

Kabla hujauliza bei ya tofali hata moja, chimba shimo. Lichimbe pale choo kitakapokaa, lishuke mita moja na nusu hivi, kisha utazame kinachotoka. Kwa mtu anayetaka nyumba ya vyumba viwili vitatu kati ya Nakuru, Kisumu na Busia, shimo hilo litamwambia mengi kuliko fundi wa kwanza atakayempigia simu, maana kila fundi husifu kitu anachojua kukijenga.

Washindani ni watatu. Liko jiwe la kuchonga, ambalo kwa Nakuru ni kama desturi. Liko tofali la kuchoma, ambalo ukitoka Kisumu kuelekea Kakamega, Bungoma au Busia, au ukipanda Kisii, utaliona limepangwa kando ya barabara likisubiri mnunuzi. Na liko tofali la udongo uliochanganywa na simiti kidogo ukakandamizwa kwa mashine. Hilo halichomwi, na lina ulimi na mfuo vinavyolishikisha na jirani yake, ndiyo sababu mafundi wengi huliita intaloki. Hapa nitaliita tofali la kufungamana. Bloku za zege zipo pia, hasa Kisumu mjini, lakini hesabu yake haiachani sana na ya jiwe, kwa hivyo sitazitenga.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Tofali la kufungamana ni zuri, ila wengi hulipenda kwa sababu isiyo sahihi. Huambiwa kwamba linaokoa simiti. Mara nyingi haliokoi. Linachokuondolea ni bei ya kununua jiwe, nauli ya lori na gharama ya plasta, na hayo yote matatu yanategemea udongo wako na moyo wako wa kuishi na ukuta usiopakwa kitu. Ukikosa udongo, au ukijua kabisa kwamba lazima utapiga plasta ndani na nje, faida imeshayeyuka.

Mashine yenyewe

Teknolojia hii si ya jana. Mashine ya kwanza ya aina hii kuenea duniani, CINVA-Ram, ilibuniwa na mhandisi wa Chile, Raúl Ramírez, akiwa Bogotá nchini Kolombia miaka ya 1950. Ilikuwa sanduku la chuma, kifuniko, na wenzo mrefu unaovutwa kwa uzito wa mwili. Hapa kwetu shirika la ApproTEC, ambalo leo linaitwa KickStart, lilikuwa na mashine ya namna hiyo miaka ya 1990, na Makiga ya Nairobi huunda za mkono zinazotoa tofali lenye ulimi. Upande wa injini, jina linalosikika zaidi ni Hydraform ya Afrika Kusini. Wizara ya nyumba ilinunua mashine hizo ikazisambaza sehemu mbalimbali za nchi, kwa hivyo kabla ya kukodi kwa mtu binafsi uliza ofisi ya nyumba ya kaunti kama wana moja inayofanya kazi. Hayo maneno mawili ya mwisho nimeyaweka makusudi.

Tofauti ya mkono na injini ni nguvu ya kukandamiza na mwendo. Ya mkono, kikosi kikishazoea, hutoa matofali kama 300 hadi 500 kwa siku. Ya injini hupita hapo mara kadhaa na tofali lake hushindiliwa zaidi, lakini inakunywa dizeli, na ikiharibika unakaa ukingoja spea huku vibarua wamekaa kivulini wakihesabu siku.

Udongo ndio unaoamua

Udongo unaofaa una mchanga mwingi na mfinyanzi kidogo. Kwa makisio, sehemu saba kati ya kumi ziwe mchanga na changarawe ndogo, mfinyanzi uwe kama sehemu moja na nusu, na vumbi laini lijaze pengo lililobaki. Mfinyanzi ndio unaolishika tofali dakika ile linapotoka kwenye mashine, na simiti ndiyo itakayolishika miaka ijayo. Mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka likikauka. Ukipungua mno, pembe zinameguka mikononi mwa kibarua kabla hajafika kwenye kivuli. Udongo wa juu wenye mizizi na mboji usiutumie kamwe. Huo rudisha shambani, mahindi yanauhitaji zaidi.

Sasa tutembee. Kuanzia Seme na Maseno hadi Vihiga, ambako matale yamejitokeza juu ya ardhi kama yale ya Kit Mikayi, udongo mwingi umetokana na miamba hiyo na una chembe za mchanga unazozisikia kwenye vidole. Ni wa kupendeza kwa kazi hii. Kakamega na Bungoma utakuta udongo mwekundu na maramu. Mara nyingi unafaa, mara nyingine mfinyanzi umezidi na unahitaji kuongezewa mchanga, robo yake au hata zaidi.

Ukishuka bonde la Kano, Ahero na mashamba yale ya mpunga, hadithi inageuka. Pale kuna udongo mweusi unaonata, unaovimba masika na kupasuka kiangazi nyufa ambazo mkono unaingia. Huo usiukandamize. Simiti ya kuutuliza ingekuwa nyingi kiasi kwamba ungekuwa unatengeneza bloku ya zege kwa njia ya mzunguko. Chokaa huutuliza vizuri kuliko simiti, na chokaa yenyewe inachimbwa Koru, si mbali, lakini hiyo ni kazi ya mtu mwenye mhandisi karibu. Mwenye ploti ya Ahero ninamshauri anunue tofali au bloku iliyotengenezwa kwingine, na pesa zake azipeleke kwenye msingi. Udongo huohuo unaovimba utausukuma msingi hata kama juu umejenga kwa marumaru.

Nakuru ni kesi ya tatu. Ardhi ya huko ni ya volkano: jivu, pumisi, tabaka jepesi ambalo ukilichota kwa koleo unashangaa halina uzito. Udongo wake hauna gundi. Tofali la jivu tupu hutoka kwenye mashine limenyooka vizuri, kisha linavunjika ukilishika vibaya. Dawa ni kuchanganya na udongo mwekundu wenye mfinyanzi, na ukishaanza kununua udongo na kuulipia tipa, jiwe la machimbo ya karibu linaanza kukuchekea.

Vipimo vya kufanya mwenyewe ni rahisi. Chukua mtungi au chupa angavu, tia udongo hadi theluthi, jaza maji, tia chumvi kidogo, tikisa sana, uache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini linafuata, mfinyanzi unachukua saa nyingi. Kesho yake tabaka zimejipanga na unazipima kwa rula.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha kisanduku. Seremala akuchongee kisanduku kisicho na kifuniko, urefu wa ndani sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta ndani, jaza udongo uliolowa vizuri, ushindilie hadi pembeni, uanike juani siku kadhaa. Udongo ukikauka unajivuta na kuacha mwanya, wakati mwingine unakatika vipande viwili vitatu. Visukume vyote upande mmoja, kisha pima pengo lililobaki upande wa pili. Pengo likiwa chini ya milimita 15, changanya simiti moja kwa udongo 18. Kati ya 15 na 30, moja kwa 16. Kati ya 30 na 45, moja kwa 14. Kati ya 45 na 60, moja kwa 12. Likipita hapo ongeza mchanga upime upya, au uachane na udongo huo. Mtu akija na uwiano wake kichwani kabla ya kuona kisanduku, anakisia kwa pesa zako.

Maji nayo yana kipimo chake. Finyanga donge la mchanganyiko kwenye ngumi, liachie kutoka usawa wa kifua lianguke mahali pagumu. Likivunjika vipande vichache, maji yanatosha. Likitawanyika kama unga, bado pakavu. Likijibandika chini kama chapati, umezidisha. Na mchanganyiko ukishatiwa maji utumike ndani ya saa moja, usiende chakula cha mchana ukaurudia.

Hesabu ya ukuta, bila maneno matamu

Tuchukue nyumba ya mita 8 kwa 6 yenye kuta za ndani za kawaida. Ukitoa milango na madirisha, unabaki na ukuta wa kama mita za mraba 100. Kwa tofali la mashine ya mkono, lenye urefu wa milimita 265, upana 140 na kimo 100, kila mita ya mraba inakula matofali 38 hivi. Ongeza ya kuvunjika, hesabu 4,000.

Mfuko wa kilo 50 kwa uwiano wa moja kwa 18 unatoa karibu matofali 100. Kwa hivyo ni mifuko 40. Kwa udongo mbaya wa moja kwa 12, mfuko unatoa chini ya 70, na unafika mifuko 60. Umeona tofauti? Mifuko ishirini imetoka kwenye shimo, haikutoka kwa fundi wala kwa mwenye hadweya.

Ukuta uleule kwa jiwe la kuchonga: mota ya kuungia, kwa kuwa jiwe la patasi halinyooki na kiungo chake huwa cha sentimita mbili na zaidi, itakula mifuko kama 20. Plasta ya ndani peke yake ni mifuko mingine 12 hadi 15. Ukipiga na nje, jumla inakaribia 50. Tofali la kuchoma liko hapohapo au juu kidogo, kwa sababu matofali ya tanuri la kijijini hayalingani na mota nene ndiyo inayosawazisha makosa. Vijijini wengi hujenga tofali la kuchoma kwa tope badala ya mota, na hapo simiti inashuka sana, ila ukuta unategemea paa lisivuje.

Basi, 40 dhidi ya 35 hadi 50. Ndiyo maana nasema tofali la kufungamana haliokoi simiti kwa kulitazama hivihivi. Linachookoa ni kwamba hukununua jiwe. Tani zaidi ya 30 za ukuta zimetoka kwenye mtaro wa msingi na shimo la choo, vitu ambavyo ungevichimba tu. Linaokoa pia mota, kwa kuwa matofali hupangwa karibu makavu, uji wa simiti kidogo tu kwenye mistari na mota kamili kwenye mstari wa kwanza. Na linaokoa plasta, mradi uishi bila plasta.

Hapo ndipo nyumba nyingi zinapoteleza. Nimesikia mazungumzo haya, au ndugu yake, kwenye zaidi ya ploti moja:

"Fundi, si utapiga plasta kidogo tu pale sebuleni?"

"Mama, ukianza na sebule utamaliza na jikoni."

Na kweli humaliza na jikoni, kisha nje upande wa barabara. Ukishafika hapo umejenga ukuta wa bei ya jiwe kwa kazi ya ziada. Ukitaka ukuta laini unaong'aa rangi, sema tangu mwanzo na ununue jiwe au bloku.

| | Kufungamana | Jiwe la kuchonga | Tofali la kuchoma |
|---|---|---|---|
| Unachonunua | Simiti, kukodi mashine, nailoni | Jiwe, lori, simiti, mchanga | Tofali, lori, simiti, mchanga |
| Simiti kwa ukuta wa mita za mraba 100 | Mifuko 40 hadi 60 | Mifuko 35 hadi 50 | Sawa na jiwe au zaidi |
| Plasta | Si lazima | Ndani karibu kila mara | Wengi hupiga |
| Unangoja | Wiki nne kabla ya kujenga | Hungoji | Hungoji ukinunua tayari |
| Adui mkubwa | Maji ya chini, udongo mbaya | Umbali wa machimbo | Tofali lisiloiva |
| Panapofaa zaidi | Maseno, Vihiga, Kakamega | Nakuru | Bungoma, Busia, Kisii |

Jiwe la Nakuru, na ardhi iliyo chini yake

Nakuru ikiwa jiji tangu Desemba 2021, ploti zimepanda bei kuliko kuta. Ukiwa na machimbo karibu, jiwe linashushwa leo na kesho fundi anapanga. Kila fundi wa Bahati, Njoro au Naka anajua kulipanga, na mnunuzi wa nyumba siku za mbele hatauliza maswali. Hayo ni mambo ya pesa, usiyadharau. Mtu anayejenga nyumba za kupangisha kwa mkopo na anataka wapangaji ndani ya miezi michache hana sababu ya kungoja tofali likomae.

Ila kuna jambo la Bonde la Ufa ambalo halisemwi kwenye ploti. Mnamo 6 Januari 1928 tetemeko lenye ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, karibu na Nakuru kabisa. Ukuta wa jiwe zito wenye mota dhaifu ndio unaoanguka vibaya siku kama hiyo, na ukuta wa matofali ya kufungamana yaliyopangwa makavu bila chuma hauko mbali nao. Kwa vyovyote utakavyochagua huko, mkanda wa zege wenye nondo uzunguke nyumba nzima juu ya madirisha, na pembe zifungwe. Tofali la kufungamana lina nafasi nzuri hapa ukipata kalibu (kisanduku cha mashine kinachofyatua tofali) inayotoa tofali lenye matundu: unapitisha nondo kutoka kwenye msingi hadi kwenye mkanda na kujaza zege, bila kupiga mbao za nguzo. Lakini ni lazima mtu alipange hilo kwenye mchoro. Halijipangi lenyewe.

Tofali la kuchoma bila kulionea

Wanaotetea mazingira hulisema vibaya tofali la kuchoma, na kwa kuni wana haki. Tanuri la kijijini ni lundo la matofali yenyewe, limeachiwa mashimo ya kuni chini, likakandikwa tope nje, na moto ukakokwa usiku na mchana. Joto jingi linatokea juu na pembeni bila kufanya kazi. Kuni hizo huwa ni mikaratusi ya mtu, au kitu kingine ambacho hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Kwa kaunti yenye msitu kama wa Kakamega, swali hilo lingefaa kuulizwa.

Hata hivyo tofali lililoiva vizuri ni kitu kigumu. Halirudi kuwa udongo hata likilala kwenye maji. Mwashi yeyote Magharibi analijua, nyanya yako analijua, na unaweza kununua mia tano mwezi huu na mia tano mwezi ujao kadiri mfuko unavyoruhusu. Tofali la kufungamana halikubali hivyo kwa urahisi. Mashine ikishakuja unafyatua yote, ama sivyo unalipia safari mbili.

Taabu ni kwamba tanuri moja hutoa matofali ya namna tatu. Yale ya katikati yameiva, ya nje yamebabuka tu, na yaliyo jirani na moto yamepinda. Muuzaji huyachanganya. Gonga mawili yakigusana: yaliyoiva yanalia kama chuma, mabichi yanatoa sauti nzito ya udongo. Kisha loweka moja usiku kucha kwenye karai. Asubuhi likiacha tope chini, usinunue lundo hilo hata kwa bei ya kutupa.

Nani rafiki wa mazingira basi? Jibu la haki ni kwamba tofali la kufungamana linahamisha tatizo kutoka msituni hadi kiwandani. Mifuko 40 ni tani mbili za simiti, na kuitengeneza kumetoa zaidi ya tani moja ya kaboni dioksaidi. Ukiipunguza simiti kwa kuchagua udongo mzuri, umefanya mengi kuliko kubandika neno la kijani kwenye bango la mradi. Na ukuta wa jiwe wenye plasta pande zote una simiti hiyohiyo au zaidi, juu yake dizeli ya lori.

Mvua ya Kakamega

Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Kisumu kama 1,300, Nakuru chini ya 1,000. Tofali la udongo na simiti haliyeyuki likinyeshewa, lakini likilowa linapoteza nguvu, pengine hadi nusu, na panapolowa na kukauka kila siku uso wake huanza kulika. Nenda ukaangalie ukuta wowote wa aina hii uliokaa miaka kumi chini ya upenu mfupi. Juu ni safi kama ulijengwa jana. Mistari miwili mitatu ya chini, pale matone ya paa yanapogonga ardhi na kuruka, pembe zimekuwa za mviringo na changarawe zimetokeza nje kama mbegu za mpera.

Kwa hiyo sentimita 30 hadi 45 za kwanza juu ya ardhi ziwe jiwe au bloku ya zege. Juu yake karatasi ya kuzuia unyevu. Upenu utoke sentimita 60 au zaidi, na Vihiga hadi Kakamega nisingebishana na mtu anayetaka 90. Mifereji ya paa iwepo. Ukiyafanya haya, sioni sababu ya kuogopa mvua. Ukiyaacha, basi tofali la kuchoma lililoiva litakuvumilia zaidi. Mahali panapofurika kabisa, Budalang'i au kingo za Nyando, ambako maji hukaa ndani ya nyumba siku kadhaa, tofali la udongo na simiti silipendekezi.

Kazi yenyewe

Matofali 4,000 kwa mashine ya mkono yenye kikosi cha watu watano au sita ni wiki mbili ikiwa hakuna anayeugua. Mmoja anachekecha udongo, wawili wanachanganya, mmoja anajaza kalibu, mmoja anavuta wenzo, mmoja anabeba. Anayebeba ndiye wa kumchunga. Tofali bichi lina kilo nane hivi na linabebwa kwa viganja viwili vilivyobana ubavuni, si kwa vidole kwenye pembe. Likiwekwa juu ya ardhi isiyo sawa linapinda kabla halijakomaa, na tofali lililopinda halifungamani na kitu.

Kukomaa ndiko watu wanakoibia. Matofali yafunikwe nailoni na kunyunyiziwa maji kwa wiki nzima, kisha yakae hadi siku ya 28 kivulini. Fundi mwenye haraka atakuambia siku kumi zinatosha kwa sababu yameshakuwa magumu ukiyagusa. Ugumu wa kugusa haubebi paa.

Mstari wa kwanza unachukua muda mrefu kuliko mitano inayofuata, na ni sawa iwe hivyo, maana hakuna mota ya kuficha kosa baadaye. Madirisha na milango yapangwe kwa vipimo vya nusu tofali tangu kwenye mchoro. Mabomba ya nyaya za umeme yapitishwe kwenye matundu ukuta unapopanda, kwa sababu kuutoboa baadaye ni kuuharibu. Ukuta ukifika usawa wa linta, rudi jioni giza likishaingia, mtu asimame ndani na tochi, wewe uzunguke nje. Palipo na mwanga kwenye mistari pajazwe uji wa simiti, la sivyo siafu na kunguni watapata vyumba vyao kabla yako.

Kwa upande wa karatasi, Kenya ina kiwango cha matofali ya udongo yaliyotulizwa, KS 02-1070, tangu 1993, kwa hivyo ofisa wa kaunti akikuambia hii si nyenzo inayotambulika, mtajie namba. Michoro ipitishwe na kaunti kama nyumba nyingine yoyote. Vunjisha matofali matatu manne kwenye maabara kabla ya kuanza ukuta. Chuo kikuu chenye idara ya uhandisi wa majengo, kama Masinde Muliro pale Kakamega, ni mahali pa kuanzia kuuliza.

Ningechagua nini

Maseno, Luanda, Vihiga, Kakamega, ukiwa na udongo mwekundu wenye mchanga, unajenga kwako pa kuishi, huna haraka na unapenda ukuta wa rangi ya ardhi: kufungamana, bila kusita. Nakuru mjini, nyumba ya biashara: jiwe, na mkanda wa zege usiukate. Bungoma au Busia, unajenga kidogokidogo kwa pesa za miwa au mshahara: tofali la kuchoma lililogongwa na kulowekwa, tena ununue kwa mtu mwenye miti yake mwenyewe. Ahero na Kano: bloku kutoka nje, na mhandisi wa msingi kabla ya kitu kingine chochote.

Ukichagua kufungamana, mkataba na mwenye mashine uwe wa tofali linalohesabiwa siku ya saba likiwa zima, usiwe wa tofali linalotoka kwenye kalibu. Bei hiyo itakuwa juu kidogo na utaona wabebaji wameanza kutumia viganja. Andikeni nani ananunua dizeli, nani analipa spea, na siku mashine imekufa vibarua wanakula nini. Na nailoni ya kufunikia iwe imeshafika kabla mashine haijashuka kwenye lori, kwa sababu itahitajika jioni ileile ya kwanza.